Feni ya rejeta haikomi kuzunguka: mtafute kwanza aliyeiamuru

Dereva anazima gari, anafunga mlango, na feni ya mbele bado inavuma. Mwingine anawasha gari asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, na feni inaanza hapo hapo na kuendelea hadi mwisho wa safari. Wote wawili wakiuliza watapewa majibu matatu yanayogombana. Wa kwanza atasema sensa imekufa. Wa pili atasema themostati itolewe. Wa tatu atasema waache wasiwasi, maana feni ikizunguka muda wote injini inapoa zaidi, na hiyo ni heri.

Kila mshauri huenda aliwahi kuona gari ambalo jibu lake lilifaa. Lakini madereva hawa wawili hawana tatizo moja, na yule wa kwanza huenda hana tatizo lolote. Vipuri vingi vizima hutupwa kwa sababu ya mkanganyiko huu: sensa inabadilishwa, feni haikomi, rilei inabadilishwa, feni haikomi, kisha inanunuliwa feni mpya, nayo inazunguka bila kukoma kama ile ya zamani. Ilikuwa lazima iwe hivyo, kwa sababu feni haijiamulii kuzunguka. Inatii amri. Anayetaka kujua kwa nini haikomi amtafute anayeiamuru, kisha aulize kama ana sababu ya kweli.

Maneno yatakayotumika

Feni inayozungumziwa hapa ni ile iliyo chini ya boneti, mara nyingi nyuma ya rejeta. Si ile inayopuliza hewa ndani ya gari kupitia matundu ya dashibodi. Wapo wanaozichanganya, na fundi anayeambiwa kwa simu kwamba "feni haizimi" anaweza kuanza kutafuta mahali pasipohusika.

Rejeta ni lile dude bapa la vijibomba vyembamba ambamo kipozeo, yaani maji yaliyochanganywa na kulanti, hupita na kupoteza joto kwa hewa. Themostati ni vali inayofungwa injini ikiwa baridi na kufunguka yenyewe kipozeo kikishapata joto. Sensa ya joto hupima kipozeo na kupeleka habari kwenye kompyuta ya gari. Rilei ni swichi inayoendeshwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Feni inahitaji umeme mkubwa kweli: ikizunguka kwa kasi ya juu, feni ya gari dogo inaweza kula ampea 20 au 30, mzigo ambao kompyuta haiwezi kuubeba yenyewe.

Sasa viungo hivi vinavyoshirikiana. Kwa makadirio ya kawaida, theluthi hivi ya nishati ya mafuta yanayochomwa ndani ya injini huishia kwenye kipozeo kama joto. Mwanzoni themostati imefunga, na kipozeo kinazunguka ndani ya injini tu ili ipate moto upesi. Kikifika kati ya nyuzi 82 na 95 za Selsiasi, kutegemea gari, themostati inafunguka na kipozeo kinaenda kwenye rejeta. Gari likiwa mwendoni, upepo wa safari unatosha kukipoza. Likisimama au likienda polepole upepo haupo, kipozeo kinaendelea kupanda, na kikikaribia nyuzi 95 hadi 105 sensa inaripoti, kompyuta inaamuru, rilei inaunganisha njia ya umeme na feni inazunguka. Kipozeo kikishuka nyuzi chache, amri inaondolewa.

Kwa hiyo feni ni msaidizi wa rejeta wakati hakuna upepo. Gari lenye afya likiwa limesimama huku injini inawaka na AC imezimwa, feni huwaka, ikazima, ikawaka tena. Mzunguko huo ndio tunaoulizia unapopotea.

Fikiria kengele ya umeme ya shule inayolia bila kukoma. Huenda kuna moto, na wanafunzi wanaitwa watoke. Huenda saa inayoiendesha imeharibika na inadhani muda umefika kila dakika. Au huenda kitufe kimenasa, na hakuna tena anayeweza kuinyamazisha. Mtu wa kwanza kukimbilia kubadilisha kengele amekosea katika hali zote tatu. Feni nayo iko hivyo: joto ni la kweli, au taarifa ya joto ni ya uongo, au amri imenasa njiani.

Kabla ya kushuku chochote

Yapo mazingira ambayo feni ina haki ya kuzunguka muda mrefu, na ni mengi kuliko watu wanavyodhani.

AC ndiyo ya kwanza. Mbele ya rejeta kuna kondensa, ambamo gesi ya AC hupoteza joto, na hewa ileile inayovutwa na feni hupita kote kuwili. Katika magari mengi ukiwasha AC feni inaanza, hata kama injini haijapata moto, na siku ya joto kali ndani ya foleni inaweza isikome kabisa. Hilo si ubovu. Kinachowachanganya watu ni kwamba AC inaweza kuwaka bila wao kujua: magari mengi huwasha kompresa, yaani pampu ya gesi ya AC, yenyewe dereva anapochagua kupuliza kioo cha mbele ili kuondoa ukungu. Taa ya AC inaweza isiwake, lakini kompresa inafanya kazi na feni inaitikia. Zima vyote viwili kisha subiri kabla ya kusema feni ni mbovu.

Ya pili ni dakika chache baada ya kuzima gari. Injini ikizimwa pampu ya maji nayo inasimama, lakini vyuma vyake bado vina moto mwingi, na moto huo unahamia kwenye kipozeo kilichotulia. Joto linaweza kupanda zaidi ya lilivyokuwa gari likitembea. Magari mengi yameundwa feni iendelee kwa dakika kadhaa kisha ijizime, na yenye tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi injinini, huwa na sababu zaidi ya kufanya hivyo. Dereva wetu wa kwanza, yule aliyefunga mlango feni ikivuma, angesubiri kidogo tu huenda angepata jibu lake bure.

Ya tatu huwashangaza wenye magari ya dizeli ya miaka ya karibuni. Magari hayo yana kichujio cha masizi kwenye eksozi, na kila baada ya muda gari huchoma masizi yaliyojaa humo kwa kupandisha joto la moshi. Ukizima gari katikati ya kazi hiyo, utasikia feni ikinguruma kwa kasi na pengine harufu ya moto. Siku inayofuata hali imerudi kuwa ya kawaida. Magari ya umeme nayo yanaweza kuzungusha feni yakiwa yameegeshwa na yanachaji, kwa sababu betri kubwa inahitaji kupozwa.

Kama hakuna hata moja kati ya haya linalolingana na gari lako, basi kuna kitu cha kutafuta.

Injini baridi husema mengi

Kipimo bora hakihitaji chombo chochote. Liache gari lilale usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuwasha, sikiliza. Kisha zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake bila kuwasha injini, AC ikiwa imezimwa, na usikilize tena. Baadaye washa injini na uiache ipate moto taratibu.

Feni ikiwa inazunguka hata ufunguo ukiwa haupo na injini ni baridi, amri imenasa. Hapo usipoteze muda na themostati wala kiwango cha maji, kwa sababu hakuna joto la kuzungumzia. Ikianza mara tu unapozungusha ufunguo, injini ikiwa baridi, mara nyingi kompyuta imepata taarifa ya uongo au haijapata taarifa kabisa. Ikisubiri mpaka injini ipate moto, ikaanza na isikome tena, basi shuku joto la kweli, au swichi isiyolingana na gari. Tofauti hizi tatu zinapunguza kazi kwa zaidi ya nusu, na mwenye gari anaweza kuzijua kabla hajamwona fundi.

Tahadhari moja isipuuzwe. Feni ya umeme inaweza kuanza wakati wowote, hata gari likiwa limezimwa. Usiweke vidole, kanga, tai wala mkufu karibu nayo mpaka waya wa hasi wa betri uwe umefunguliwa.

Taarifa ya uongo

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa hiyo tukae kidogo.

Sensa ya kawaida ya joto ni kipande ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua joto linapopanda. Katika magari mengi, kwenye nyuzi 20 huwa na omu (kipimo cha ukinzani) 2,000 hadi 3,000 hivi, na kwenye nyuzi 80 hubakiwa na omu 300 au karibu na hapo. Kompyuta husoma ukinzani huo na kuugeuza kuwa nyuzi za joto. Waya ukikatika au plagi ikichomoka, ukinzani unakuwa mkubwa mno, na kompyuta inasoma baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Waya ukigusana na bodi ya gari, ukinzani unatoweka, na kompyuta inasoma joto la nyuzi 130 au zaidi, sekunde chache tu baada ya kuwasha.

Msomaji makini atauliza: kama waya umekatika na kompyuta inasoma baridi kali, kwa nini iwashe feni? Jibu ni kwamba wahandisi waliliwazia hilo. Kompyuta inajua kwamba baridi hiyo haiwezekani, hivyo inakataa kuiamini. Ikikosa taarifa ya kuaminika inachagua upande salama, na upande salama ni feni kuzunguka muda wote. Injini iliyopozwa kupita kiasi haiharibiki upesi, lakini iliyochemka inaweza kufa kwa dakika chache. Kwa hiyo feni isiyokoma mara nyingi si ubovu wa feni wala wa kompyuta. Ni kinga inayofanya kazi yake, na taa ya injini kwenye dashibodi huwa imewaka pia.

Ndiyo maana kuichomoa plagi ya sensa "kuona kama feni itazima" ni jaribio linalopotosha. Ukiichomoa, magari mengi yatawasha feni kwa makusudi, na wewe utaondoka na jibu la uongo.

Njia nzuri zaidi ni kusoma kile ambacho kompyuta inakiamini. Magari ya petroli yaliyouzwa mapya Marekani tangu 1996, na Umoja wa Ulaya tangu 2001, yana soketi ya uchunguzi chini ya dashibodi, na kifaa kidogo cha kusomea kinaweza kuonyesha joto la kipozeo papo hapo. Fanya hivyo asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Linganisha joto la kipozeo na joto la hewa inayoingia kwenye injini. Kwa kuwa kila kitu kimelala mahali pamoja, namba hizo mbili zinapaswa kukaribiana sana. Hewa ikisema 22 na kipozeo kikasema 60, sensa au nyaya zake zinadanganya, na umelijua hilo bila kufungua boliti hata moja. Kifaa hicho husoma pia misimbo ya hitilafu: P0118 huelekeza kwenye waya uliokatika, na P0117 kwenye uliogusana. Misimbo hii inautaja mzunguko mzima wa umeme, kuanzia kwenye plagi hadi kwenye kompyuta. Anayebadilisha sensa bila kukagua plagi yenye kutu anabahatisha.

Hapa kuna imani moja ya kuondoa: kwamba mshale wa joto kwenye dashibodi ukiwa katikati, sensa ni nzima. Magari mengi yana sensa mbili, moja ya mshale na nyingine ya kompyuta, au sensa moja yenye sehemu mbili ndani yake. Mshale unaweza kusema kweli huku kompyuta ikidanganywa. Tena katika magari mengi ya kisasa mshale umetulizwa kwa makusudi: hukaa katikati kipozeo kikiwa nyuzi 80, hubaki hapo hapo kikiwa nyuzi 100, na husogea pale tu hali inapokuwa mbaya. Huo mshale ni taa ya tahadhari iliyovaa sura ya kipimo.

Katika magari ya zamani, amri haipiti kwenye kompyuta. Kuna swichi ya joto iliyofungwa kwenye rejeta au kwenye injini, nayo huiamuru rilei moja kwa moja. Hapa mitindo ni miwili, tena imepingana. Katika baadhi ya magari swichi huunganisha njia ya umeme joto likipanda, kwa hiyo ukichomoa waya wake feni inasimama. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 ni kinyume: swichi hukata njia joto likipanda, na rilei imepangwa feni izunguke inapokosa umeme wa kuizuia. Ukichomoa waya huo, feni inaanza. Fundi aliyezoea mtindo mmoja akikutana na mwingine atabadilisha swichi isiyo na ubovu kwa uhakika wote.

Jambo moja zaidi kuhusu swichi hizi halitajwi vya kutosha. Kila moja ina nyuzi za kuwasha na za kuzimia zilizoandikwa kwenye mwili wake. Tuseme themostati ya gari inaweka kipozeo kwenye nyuzi 88, na mtu akafunga swichi inayozima kwenye nyuzi 82 kwa sababu nati yake ililingana. Kipozeo hakitashuka mpaka 82 injini ikiwa inawaka, kwani themostati haitaruhusu. Feni ikishaanza haitakoma. Kila kifaa ni kizima, kila kifaa ni kipya, na gari lina tatizo. Soma namba kabla ya kununua.

Amri iliyonasa

Rilei ina vidole vidogo vya chuma vinavyogusana kupitisha umeme wa feni. Kila vinapoachana cheche hupita, na baada ya miaka, au mota ya feni ikianza kuchoka na kuvuta umeme kupita kiasi, vidole hivyo vinaweza kuyeyuka na kushikana. Tangu hapo hakuna kompyuta wala sensa inayoweza kuvitenganisha, na feni inaendelea hata ufunguo ukiwa mfukoni. Betri ya kawaida ya gari dogo itaisha kwa saa chache.

Fungua boksi la fyuzi, tafuta rilei ya feni kwenye mchoro wa kifuniko, na uichomoe. Magari mengi yana rilei mbili au tatu za feni, kwa ajili ya kasi ya chini na ya juu, hivyo hakikisha umeshika yenyewe. Feni ikisimama, pachika rilei nyingine inayofanana nayo kabisa kutoka kwenye boksi hilohilo, mara nyingi ya honi. Ikibaki imesimama, rilei ya kwanza ilikuwa imeungua. Ikianza tena, rilei ni nzima, na kuna anayeiamuru: rudi kwenye sensa, kwenye waya wa amri, au kwenye AC. Mwenye multimita, chombo cha kupimia umeme, anaweza kuthibitisha kwa kupima kati ya miguu ya 30 na 87 ya rilei iliyochomolewa. Katika rilei ya kawaida miguu hiyo haipaswi kuwasiliana.

Kuna tanbihi hapa. Rilei iliyoungua kwa sababu mota ya feni inavuta umeme kupita kiasi itaungua tena. Zungusha mapanga ya feni kwa mkono, betri ikiwa imefunguliwa. Yakikwama au yakikwaruza, mota ndiyo iliyoanzisha shari.

Magari mengi ya sasa hayatumii rilei ya namna hiyo kubadilisha kasi. Yana kisanduku cha kielektroniki karibu na feni, kinachopokea mawimbi ya umeme kutoka kwenye kompyuta na kuipa feni kasi yoyote inayotakiwa. Kikiharibika, mara nyingi huacha feni kwenye kasi ya juu kabisa. Lakini magari mengi ya aina hii pia hukimbilia kasi ya juu kisanduku kikikosa mawimbi, kwa kinga ileile tuliyoieleza. Waya mmoja mwembamba uliotafunwa na panya unaweza kujifanya kisanduku kilichokufa. Kisanduku ni ghali, waya si kitu. Anza na waya.

Joto la kweli

Kama kifaa cha kusomea kinaonyesha kipozeo kiko nyuzi 100 na zaidi muda wote, feni inafanya kazi yake na kuilaumu ni kumlaumu mleta habari. Tafuta kwa nini joto haliondoki.

Anza na kiwango cha kipozeo, injini ikiwa imepoa kabisa. Kifuniko cha rejeta kimewekwa ili kushikilia shinikizo, mara nyingi karibu na bar 1, na kwa shinikizo hilo maji huchemka karibu na nyuzi 120 badala ya 100. Ukikifungua injini ikiwa ya moto, shinikizo linaondoka ghafla na maji yanageuka mvuke papo hapo, usoni mwako. Watu huungua vibaya kwa njia hii. Subiri.

Kipozeo kikipungua, au mfumo ukijazwa bila kutolewa hewa, kunabaki povu la hewa ndani. Hali hii hutokea sana baada ya kubadilisha rejeta au mpira wake, na dalili yake ni joto linalorukaruka: linapanda ghafla, linashuka ghafla, na ndani ya gari hita inatoa hewa baridi.

Kisha tazama kati ya kondensa na rejeta. Mwanya huo hauonekani ukisimama mbele ya gari, nao hujaa wadudu, majani na vumbi lililogandamana kama blanketi. Rejeta inaweza kuonekana safi pande zote mbili na bado isipitishe hewa. Ioshe kwa maji ya msukumo mdogo kutoka upande wa injini kuelekea mbele, kwa kuwa maji ya kasi hulaza vile vibati vyembamba na kuziba zaidi.

Mipira miwili ya rejeta nayo inazungumza. Gari likishapata moto, wa juu ukiwa wa moto sana na wa chini baridi, kipozeo hakipiti: themostati haijafunguka, rejeta imeziba ndani, au pampu imechoka. Na kama feni ilibadilishwa hivi karibuni, shika karatasi nyepesi mbele ya rejeta. Feni iliyo nyuma ya rejeta inapaswa kuivuta karatasi. Ikiisukuma, nyaya zake mbili zimegeuzwa, feni inapuliza kinyume na upepo wa safari, na itazunguka siku nzima bila faida.

Mapovu yasiyoisha kwenye tanki la akiba, mipira migumu hata asubuhi, au kipozeo kinachopungua bila kuvuja popote ni dalili za kuungua kwa gasketi ya hedi, yaani kizibo kilicho kati ya kichwa cha injini na mwili wake. Hapo usiendelee kuendesha.

Sasa ile nasaha ya kutoa themostati. Mara nyingi hutolewa kama dawa ya joto, na ni dawa mbaya. Bila themostati injini hukaa baridi mno katika safari ndefu, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta mengi kama gari linalowashwa asubuhi, na injini inachakaa haraka. Zaidi ya hayo, katika magari mengi themostati hufanya kazi mbili: inapofungua njia ya rejeta, hufunga njia ya mkato inayorudisha kipozeo injinini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya kipozeo cha moto haifiki kwenye rejeta kabisa. Gari linaweza kuchemka zaidi kwa sababu ya ile dawa.

Na je, feni ikizunguka muda wote injini inapoa zaidi? Themostati ikiwa nzima, hapana. Ndiyo inayoamua joto la chini kabisa la injini, na hata upulize rejeta namna gani, itafunga njia kipozeo kikishuka. Unachopata ni mota inayochakaa kabla ya wakati wake na altaneta, jenereta ya gari, inayobeba mzigo usio na sababu.

Feni iliyounganishwa moja kwa moja

Magari mengi yaliyotumika yana historia ambayo mnunuzi haijui. Zamani feni iligoma kuwaka, na mtu akaiunganisha moja kwa moja na umeme wa ufunguo ili gari liendelee na safari. Kwa dharura ni msaada halali. Kosa ni kuuacha miaka mitano. Feni ya namna hii huanza ufunguo unapozungushwa na hukoma ufunguo unapotolewa, kwa hiyo hufanana sana na feni ya sensa mbovu. Kabla ya kununua chochote, fuata nyaya za feni kwa macho. Waya wenye rangi isiyolingana na mwingine, uliofungwa kwa utepe na kupita juu ya nyaya za asili, ndio jibu lako. Ukiuondoa bila kurekebisha kilichoufanya uwekwe, utajikuta na feni isiyowaka kabisa, na hiyo ni hatari zaidi kuliko isiyozima. Hakikisha pia waya huo una fyuzi. Nyingi hazina, na waya mwembamba unaobeba ampea 20 unaweza kuwasha moto.

Wenye malori na magari yenye feni inayoendeshwa na mkanda wa injini wasihangaike na sensa wala rilei. Feni yao huzunguka muda wote injini ikiwaka, na kinachobadilika ni nguvu yake tu, kupitia klachi yenye mafuta mazito ndani. Mngurumo wa dakika ya kwanza asubuhi ni wa kawaida. Ukiendelea safari nzima kila unapokanyaga mafuta, klachi hiyo imenata.

Baada ya matengenezo, usiridhike feni ikisimama mara moja. Egesha mahali pa wazi, zima AC, acha injini iwake na usubiri mpaka feni ijiwashe, ijizime, ijiwashe tena na kujizima tena, huku ukitazama joto la kipozeo kwenye kifaa cha kusomea. Kisha washa AC uone kama inaitikia. Feni ikisimama lakini isiwake tena joto likipita nyuzi 105, zima injini na urudi kwenye rilei.